Kuku ataga, jogoo awika: Nani hasa aliujenga muziki wa Korea?

JUZI jioni, pale kijiweni kwetu tunapokunywa kahawa na kashata, uliibuka ubishi mkali. Kijana mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo alikuwa akituonyesha vijana saba wa Kikorea wakicheza jukwaani, na uwanja mzima unamulika taa kama vimulimuli. Mwenzake akadakia: "Hao si wanamuziki, mshikaji. Hao ni mradi wa serikali. Wakubwa wao walikaa, wakapanga, wakatoa mshiko, wakawatengeneza kama wanavyotengeneza magari."

Waliokuwapo wakatikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja akaongeza kwamba hivyo ndivyo serikali yenye akili inavyofanya, na ubishi ukafa.

Mimi sikutikisa kichwa. Hadithi hiyo ni tamu, lakini nusu yake ni geresha. Hakuna mkubwa duniani aliyeona mafanikio akanyamaza bila kudai ni yake. Kuku ndiye anayetaga, lakini anayewika ni jogoo.

Ndugu msomaji, nakuomba tuifukue historia hii pamoja, maana ina mafunzo kwa kila kijana anayeshika kipaza sauti, na hata kwa asiyekishika.

NYWELE ZAKATWA, NYIMBO ZAFUNGIWA

Vita ya Korea ilianza 1950 na kusimama 1953. Nchi ilibaki majivu. Sehemu pekee ambapo mpiga gitaa aliweza kupata ujira wa maana ilikuwa kambi za jeshi la Marekani. Vijana wa Kikorea walijifunza huko muziki wa kizungu kwa kusikiliza na kukariri. Mmoja wao ni mpiga gitaa Shin Joong-hyun, ambaye Wakorea wengi humwita baba wa roki ya nchi yao. Wengine ni akina dada watatu, Kim Sisters, waliovuka bahari 1959 kwenda kuimba Las Vegas.

Mwaka 1961 Jenerali Park Chung-hee akapindua nchi. Huyu ndiye anayesifiwa kwa viwanda na barabara. Ni kweli alijenga. Lakini huyohuyo ndiye ambaye polisi wake, katika miaka ya 1970, walisimama njiani na mikasi wakiwakata nywele vijana, na rula wakiwapima akina dada urefu wa sketi. Usicheke. Dola yenye jeshi na majasusi iliona adui wake ni kichwa chenye nywele ndefu.

Mwaka 1972 Shin Joong-hyun aliombwa atunge wimbo wa kumsifu rais. Akakataa. Badala yake akatunga wimbo wa kuisifu nchi, milima yake na mito yake. Kwa watawala wa aina ile, kuipenda nchi bila kumtaja mkubwa ni utovu wa adabu. Mwaka 1975 akakamatwa kwa kesi ya bangi, nyimbo zake zikafungiwa, na hakuruhusiwa kupanda jukwaani mpaka Park alipokufa.

Mwaka huohuo wa 1975 ukafungiwa wimbo uitwao Achim Iseul, yaani Umande wa Asubuhi, uliotungwa na Kim Min-ki na kuimbwa na Yang Hee-eun. Wimbo huo haumtaji rais wala chama. Kosa lake lilikuwa moja tu: wanafunzi walikuwa wakiuimba kwenye maandamano. Na kana kwamba kufungia hakutoshi, ulifika wakati kila albamu ililazimika kuwa na wimbo mmoja "wenye afya", yaani wa kusifu bidii na utulivu. Nani aliununua kwa hiari? Hakuna. Ulibandikwa mwishoni kama kodi.

Park aliuawa usiku wa Oktoba 26, 1979, kwa risasi za mkuu wake mwenyewe wa usalama, wakiwa mezani kwenye karamu. Mezani hapo alikuwapo mwimbaji, Shim Soo-bong, aliyeitwa kuwatumbuiza wakubwa. Utawala uliofungia nyimbo za wananchi haukukosa mwimbaji wa kuuburudisha usiku wake wa mwisho. Na baada ya hapo, dada wa watu ndiye aliyezuiwa kuonekana kwenye televisheni. Wanaume wakiuana, anayefungiwa ni mwimbaji!

Sasa niambie, huo ndio mradi wa serikali wa kulea muziki?

VIJANA WATATU NA ALAMA ZA CHINI

Mwaka 1987 Wakorea walichoka. Mwezi Juni wakajaa mitaani, wanafunzi mbele, makarani nyuma yao, wakiuimba uleule wimbo wa Umande wa Asubuhi uliofungiwa. Wanajeshi wakasalimu amri na kukubali rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja. Mwaka uliofuata ikawa Olimpiki ya Seoul. Muda si mrefu vijana wakaruhusiwa kusafiri nje kwa uhuru, na kaseti na video za kila aina zikaingia.

Aprili 1992 vijana watatu, Seo Taiji na wenzake wawili, walijitokeza kwenye kipindi cha vipaji cha televisheni ya MBC. Walighani kwa Kikorea juu ya ngoma nzito, huku wakicheza kwa miguu myepesi. Wazee waliokaa mezani kuwapa alama waliwapa alama za chini kuliko wote. Kilichofuata, wimbo wao ukakaa kileleni mwa chati kwa wiki 17. Vijana wa nchi nzima walikuwa wamepiga kura yao, na waamuzi wakabaki na karatasi zao.

Mwaka 1994 Seo Taiji akaimba kuhusu shule zinazowakamua watoto kama miwa. Mwaka 1995 akapeleka wimbo mwingine kwa kamati ya serikali iliyokuwa ikikagua mashairi kabla hayajatoka. Kamati ikasema badilisha maneno. Akafanya nini? Aliyafuta maneno yote, akatoa muziki mtupu! Mashabiki walipoweka albamu na kusikia ngoma bila sauti, kila mmoja akaelewa nani kamziba mwenzao mdomo. Wakaja juu.

Kabla yake, mwimbaji Jung Tae-choon alikuwa ameshaigomea kamati hiyo kwa kutoa albamu bila kuipelekea, na akaipeleka kesi mahakamani. Mwaka 1996 ukaguzi wa nyimbo kabla ya kutoka ukafutwa, na Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba ulikuwa unavunja katiba.

Shika kalenda yako. Ukaguzi ulikufa 1996. Mwaka huohuo kampuni ya SM ya Lee Soo-man ikatoa kundi la H.O.T., ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza la mtindo huu tunaouona leo. Mwaka huohuo Yang Hyun-suk, mmoja wa wale vijana watatu waliopewa alama za chini, akaanzisha kampuni yake, YG. Mwaka 1997 Park Jin-young akaanzisha JYP. Kampuni zote tatu zilizokuja kuitwa vigogo wa muziki wa Korea zilichomoza mkono wa serikali ulipoanza kutoka kooni. Sisemi jambo moja lilizaa jingine kwa siku moja. Nasema hazikuchomoza wakati wa mikasi na rula.

ALIYEFUNGWA AKAWA RAIS

Haki itendeke. Serikali ilifanya jambo, na wa kwanza kulifanya vizuri alikuwa mpinzani.

Kim Dae-jung alitekwa na majasusi wa nchi yake mwaka 1973 akiwa Tokyo. Mwaka 1980 akahukumiwa kifo. Akaponea chupuchupu, akaenda uhamishoni, akarudi, akashindwa uchaguzi, akarudi tena. Desemba 1997 akashinda, na Februari 1998 akaapishwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika Korea Kusini upinzani kuchukua Ikulu kwa kura.

Alikabidhiwa nchi iliyofilisika. IMF walikuwa wameshaingia na masharti yao, kampuni zinaanguka, na wananchi wanapanga foleni kutoa pete zao za dhahabu kusaidia kulipa deni la taifa. Katika hali hiyo, wengi wangesema muziki ni anasa. Kim akasema kinyume: utamaduni ni bidhaa, na bidhaa hii haihitaji mafuta wala chuma. Mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya kukuza viwanda vya utamaduni, na kufikia mwaka 2000 sekta ya utamaduni ikapata asilimia 1 ya bajeti ya serikali. Nyaya za intaneti yenye kasi zikasambazwa mpaka vitongojini. Akafungua hata milango kwa filamu na muziki wa Japani, iliyokuwa mkoloni wao, wakati wengi wakipiga kelele kwamba Wajapani watawameza.

Kanuni yake ilikuwa fupi: saidia, lakini usiingilie. Yaani chimba kisima, usimchagulie mwananchi wimbo wa kuimba akiteka maji. Hiyo ndiyo siri ambayo wanaomtaja Park na viwanda vyake huwa wanairuka.

Hata hivyo, serikali haikumfundisha mtu kucheza. Kilichowasukuma nje ni njaa. Nchi yao ina watu milioni 50 hivi. Intaneti ileile iliyosambazwa ikaleta mitandao ya kugawana nyimbo bure, Soribada ilianza mwaka 2000, na mauzo ya CD yakaporomoka. Kampuni zikaona zikibaki nyumbani zitakufa. Ndiyo maana binti BoA, aliyeanza akiwa na miaka 13, alifundishwa Kijapani na kupelekwa Japani 2001. Mwaka uliofuata albamu yake ikashika namba moja huko. Mwaka 2009 Wonder Girls wakaingia kwenye chati ya nyimbo 100 za Marekani, nafasi ya 76. Mwaka 2012 akaja PSY na Gangnam Style, video ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja kwenye YouTube. Na jamaa huyo alikuwa akiwadhihaki matajiri wa mjini kwao!

Kisha BTS. Hawa hawakutoka kwa wale vigogo watatu. Walitoka Big Hit, kampuni ndogo ya Bang Si-hyuk, mwaka 2013. Televisheni kubwa hazikuwapapatikia. Wakajipeleka wenyewe kwa mashabiki kupitia intaneti. Mei 2018 albamu yao ikawa ya kwanza ya Kikorea kushika namba moja Marekani, na mwaka 2020 wimbo wao Dynamite ukafanya hivyo kwenye chati ya nyimbo.

JASHO LA NANI, JUMBA LA NANI?

Hapa ndipo ninapogombana na wanaoipamba hadithi hii kama harusi. Dikteta aliondoka, lakini mnyapara alibaki.

Mtoto wa miaka 11 au 12 anachukuliwa na kampuni. Anafundishwa kuimba, kucheza, lugha, hata namna ya kutabasamu. Analala kwenye bweni la kampuni, anapimwa uzito, anakatazwa mchumba. Miaka inapita bila uhakika wa kupanda jukwaani, na wengi hurudishwa nyumbani mikono mitupu. Akibahatika kutoka, gharama za mafunzo na mavazi mara nyingi hukatwa kwenye kile anachoingiza. Unaweza kumwona kwenye bango la barabarani, kumbe bado anadaiwa.

Julai 2009 vijana watatu wa kundi la TVXQ, Jaejoong, Yoochun na Junsu, waliishtaki kampuni yao SM. Mkataba wao ulikuwa wa miaka 13. Wakorea wenyewe waliipa mikataba ya aina hiyo jina: mikataba ya utumwa. Mahakama ikawapa nafuu vijana hao mwaka huohuo, na tume ya serikali ya ushindani wa haki ikatoa mkataba wa mfano wenye ukomo wa miaka 7. Ushindi? Ndiyo, lakini watatu hao wakajikuta hawaonekani kwenye vipindi vya muziki vya televisheni kwa miaka. Mwaka 2013 tume hiyo iliiamuru SM iache kuwazibia njia, na mwaka 2015 bunge likabadilisha sheria ya utangazaji ili kuzuia mchezo huo. Miaka 6 kutoka kesi mpaka sheria! Ujana wa mwanamuziki haumsubiri spika wa bunge.

Wapo ambao hawakufika kwenye kesi. Jonghyun wa SHINee alijiua Desemba 2017. Sulli na Goo Hara walikufa mwaka 2019, ndani ya wiki sita. Mwaka huohuo kashfa ya klabu ya Burning Sun ikafichua wanamuziki waliokuwa wakirekodi wanawake kwa siri na kurushiana picha, na baadhi yao wakaishia jela. Tusifiche: ukimlea kijana kama bidhaa, na mwanamke kama pambo, utavuna hayo.

Oktoba 2024 binti Hanni wa kundi la NewJeans alikwenda mbele ya wabunge kulalamika kunyanyaswa kazini. Mwezi uliofuata wizara ya kazi ikajibu kwamba kwa mujibu wa sheria yeye si mfanyakazi. Anayeamka alfajiri, anayerudi usiku wa manane, anayekatazwa hili na lile na bosi wake, si mfanyakazi! Kundi lake likatangaza kujitoa, na Oktoba 2025 mahakama ya Seoul ikaamua kwamba mkataba wao bado ni halali.

Lakini nisipake wote tope moja. Big Hit ilipoingia soko la hisa Oktoba 2020, Bang aliwagawia vijana saba wa BTS hisa 68,385 kila mmoja. Kumbe inawezekana bosi kula na waliopika.

KURA ZIKAIBWA, VIJANA WAKAHESABU

Sasa sikiliza hii, uipeleke kijiweni kwako.

Kuanzia 2016 kituo cha Mnet kilikuwa na shindano lililoitwa Produce 101. Kaulimbiu ilikuwa kwamba mtazamaji ndiye anayechagua. Watu wakatuma kura kwa simu, na kila kura ililipiwa. Washindi wanaundiwa kundi, wanatajirika au angalau wanatajirisha.

Julai 19, 2019 fainali ya awamu ya nne ilitangaza matokeo. Yaliposomwa, vijana wakakaa na kikokotoo. Wakagundua kwamba tofauti ya kura 29,978 kati ya mshindani mmoja na anayemfuata ilijirudia mara tano. Kura halali haziwezi kupangika kama matofali. Hawakuvunja vioo. Walikusanya ushahidi, wakachangishana fedha, wakaweka mawakili, wakaenda kushtaki.

Polisi wakachunguza na kukuta awamu zote nne zilikuwa zimechezewa. Mtayarishaji Ahn Joon-young akahukumiwa jela miaka 2 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2021. Mahakama ikayataja hadharani majina ya washiriki walioporwa nafasi zao, wajulikane na heshima yao irudi. Kampuni mama ikaomba radhi, na kundi lililotokana na kura zile likavunjwa.

Ilikuwa kura ya nani acheze jukwaani, lakini waliihesabu kana kwamba ni ya Ikulu. Wizi wa kura ni wizi, hata kama sanduku ni simu. Na dawa yake ni ileile: hesabu mwenyewe, hifadhi takwimu, usikubali kuambiwa "matokeo ndiyo hayo".

TAA ZA MASHABIKI

Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema wahenga. Binti wa Jenerali Park, Park Geun-hye, alipokuwa rais, wakubwa wake waliandaa orodha ya siri ya wasanii wa kunyimwa misaada ya serikali. Ilipofichuliwa Oktoba 2016 ilikuwa na majina 9,473. Makosa yao? Kuunga mkono wagombea wa upinzani, au kusaini tamko kuhusu meli ya Sewol iliyozama na watoto wa shule mwaka 2014. Ile kanuni ya "saidia, usiingilie" ilikuwa imegeuzwa: saidia wetu, nyonga wao. Machi 2017 mahakama ikamng'oa rais huyo kwa tuhuma zake nyingi, na waliohusika na orodha ile wakafungwa.

Kiangazi kabla ya hapo, wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Ewha walikuwa wameshikana mikono mbele ya polisi zaidi ya elfu moja. Hawakuimba wimbo wa zamani wa mapambano. Waliimba wimbo wa Girls' Generation wa mwaka 2007, uliotungwa kuuza kanda tu.

Na usiku wa Desemba 3, 2024, Rais Yoon Suk-yeol alipotangaza utawala wa kijeshi, amri yake iliweka vyombo vyote vya habari chini ya wanajeshi. Wabunge wakaruka ukuta wa bunge, wakaifuta ndani ya saa chache. Wiki iliyofuata mitaa ilijaa vijana, wengi wao mabinti, wakipunga zile taa za mashabiki wa BTS, wa Aespa, wa kila kundi. Mshumaa huzimwa na upepo. Taa ya betri haizimiki. Desemba 14 bunge likapiga kura ya kumshtaki rais, na Aprili 4, 2025 Mahakama ya Katiba ikamfukuza.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kijiweni, usiniambie hao ni mradi wa serikali. Serikali iliwakata nywele, ikawafungia nyimbo, ikawaandika kwenye orodha. Ilipowasaidia kweli ni pale tu ilipochimba kisima na kukaa pembeni. Kampuni ziliwauza, lakini pia ziliwatafuna. Waliobaki wima ni vijana wenyewe: aliyefuta maneno yake badala ya kuyabadilisha, waliokwenda mahakamani, waliohesabu kura, waliopunga taa kwenye baridi ya Desemba.

Kijana unayeota jukwaa, jifunze kucheza kama wao, sina ugomvi. Lakini kabla ya kusaini karatasi ya bosi, isome mpaka mstari wa mwisho, na uulize ni miaka mingapi. Na siku jogoo atakapowika kwamba yai ni lake, mwombe alitage lingine tukiona.